Saini ya Jirani wa Nne

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma katika safu hii ya kila juma, karibu, wala usijilaumu. Mazuri hukuyakosa.

Kwa ufupi ni hivi. Mke wangu nimemzika, huu ni mwezi wa nane sasa. Binti zangu wawili wameolewa miji ya mbali. Nyumba nimeiweka sokoni. Juma lililopita nilimfukuza kibarazani kwangu yule tajiri tunayemwita Vitanda, anayenunua nyumba za watu, akazikata sebule vipande kwa mbao nyepesi na kumpangisha mwanafunzi kila kipande. Aliondoka kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Kabla vumbi lake halijatua, akaja mnunuzi mwingine. Binti ambaye hajafika miaka thelathini, mhadhiri pale chuoni, anafundisha habari za miamba. Akatazama vyumba vitatu, jiko na bafu. Akapapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe. Kisha akasema maneno ambayo katika mtaa huu wa chuo sijayasikia mwaka wa kumi sasa.

"Nataka nyumba ya kukaa na mama yangu."

Nikamwambia ichukue. Hata ukoo wake sikuuliza.

Mlidhani nimepona. Hata mimi nilidhani.

Ofisi ya ardhi haipokei mauzo mpaka majirani wa pande zote nne wasaini kwamba mipaka wanaijua na ugomvi hawana. Kulia kwangu zamani alikaa mpishi na watoto saba. Leo ni hosteli. Nyuma alikaa dereva wa basi la chuo, hosteli. Mbele alikaa dobi. Hosteli, tena ya ghorofa. Katika mji wa chuo nyumba haihesabiwi vyumba, inahesabiwa vitanda. Dalali akiingia haulizi paa linavuja wapi. Anakodoa macho ukutani: hapa viwili, hapa vitatu, jikoni kimoja cha juu kwa juu.

Wenye hosteli hao hawaishi hapa. Walituma wasimamizi wao, wakasaini bila kusoma, mmoja akiwa anaongea na simu.

Watatu hao. Jirani wa nne, wa kushoto, ni Matroni.

Sijasemezana na Matroni kwa miaka ishirini na sita. Na si mimi peke yangu. Mtaa mzima haukusemezana naye, kwa sababu mimi ndiye niliyeamuru.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka ule chuo kilitangaza kuuza nyumba za wafanyakazi. Waliozikaa ni sisi: wapishi, madereva, wafagiaji, mafundi. Lakini masharti yalitungwa na watu wenye viti vya kuzunguka. Mpishi mkuu anaweza kununua, msaidizi wake hawezi. Mwenye cheo ananunua, mwenye ufagio anatolewa nje na ufagio wake.

Mimi nilikuwa seremala wa karakana ya chuo. Shule niliishia darasa la nne. Sheria nilijifunza kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa misumari. Nikaitisha mkutano. Nikapanda juu ya meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nikapaza sauti:

"Hakuna kununua mmoja mmoja! Tunanunua wote, au hanunui mtu!"

Walipiga makofi mpaka kuku wa watu wakakimbia.

Tukagoma. Tukachagua kamati ya siri, watu kumi na mmoja. Mimi wa kumi na mbili, katibu wao. Majina niliyaandika kwa mkono wangu, nakala mbili, katikati karatasi ya kaboni, ile nyeusi inayochafua vidole. Hapo ndipo nilipopewa jina la Katibu, na mpaka leo hata watoto wa mtaani hawanijui kwa jingine.

Siku ya nne ya mgomo majina yote kumi na moja yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa utawala. Wamefukuzwa kazi. Sababu: utoro. Wahame nyumba za chuo ndani ya siku tatu. Jina langu halikuwamo, kwa kuwa katibu hajiandiki.

Wa kwanza katika orodha alikuwa Fundi Bomba, rafiki yangu wa kufa na kupona. Mabomba yote ya mtaa huu aliyalaza yeye. Alihama na mke na mtoto mchanga juu ya mkokoteni. Miaka miwili baadaye alikufa ndani ya shimo la maji machafu, akizibua choo cha hosteli ya mtu, hana mkataba, hana hata kamba kiunoni.

Watu walitaka kujua aliyetuuza. Nikasimama penye bomba la mtaa, ndoo zimepangwa, nikamnyooshea kidole Matroni. Wakati ule alikuwa karani wa ofisi ya nyumba. Umatroni wa mabweni alipewa majuma mawili baadaye, nami nikasema: mmeona? Hayo ndiyo malipo yake.

Tangu siku hiyo nikaamuru asisalimiwe. Dukani alikuwa akihudumiwa wa mwisho, chenji ikiwekwa juu ya meza, si mkononi. Alipofiwa na mama yake, mtaa mzima ulifunga milango, nami nilikaa kibarazani kuhakikisha haifunguliwi.

Sasa fomu iko mkononi mwangu, na saini inayokosekana ni yake.

Ningeweza kuacha. Kukaa humu mpaka nife. Lakini kuna jambo kuhusu nyumba hii ambalo dalali hakuambiwa.

Mabomba ya chuma yaliyomo ukutani yalikatwa miaka sita iliyopita. Maji yangu yanakuja kwa bomba la plastiki linalopita nje. Ndani ya ukuta hakuna tone. Lakini tangu mke wangu afariki, kila siku ikifika saa nne asubuhi, mabomba yanagonga.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Ndivyo Fundi Bomba alivyokuwa akigonga dirishani kwangu, akija kwenye vikao vya kamati.

Nilimwita fundi kijana. Akaweka sikio ukutani, akagonga kwa bisibisi, akacheka. "Mzee, humu hakuna maji, hakuna hewa, hakuna hata mende. Hili limekufa zamani."

"Na hilo ndilo linalonitisha," nikamwambia. Akadhani natania.

Kuna siku nilitoka bafuni nikakuta alama za nyayo zilizolowa, zinatoka penye ukuta mpaka penye kiti changu. Mguu wa kushoto ulikanyaga kwa upande, kama wa mtu mwenye kidole gumba kilichovunjika, na Fundi Bomba kilimvunjika hichohicho cha kushoto. Nikafuta kwa kitambaa. Nikakaa kwenye kiti. Kiti kilikuwa baridi.

Ndiyo maana nilipiga moyo konde, nikaenda kwa Matroni.

Alikuwa nyuma ya nyumba yake, ameketi juu ya kigoda, anashona shuka lililochanika. Amezeeka. Nami nimezeeka, lakini wa kwako unamwona akizeeka kidogo kidogo. Huyu nilikuwa nimekataza macho yangu kumtazama, nikamkuta amekuwa bibi kizee siku moja.

"Hodi."

Sindano inaingia, inatoka.

"Hodi hapa."

"Nimesikia tangu ya kwanza," akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa naionja tu."

"Habari za hapa, dada."

"Dada!" Akakata uzi kwa meno. "Leo nimepanda cheo. Jana nilikuwa nani?"

"Nimeleta fomu."

"Naijua. Watatu wamesaini, nimebaki mimi. Mtu wa kura na maazimio, Katibu mzima, kura imebaki moja na mwenye kura ni mimi. Kaa chini, usije ukaniangukia hapa nikaambiwa nimekuua."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Nitakuuliza swali moja," akasema. "Siku ile uliponitangaza pale bombani, ushahidi ulikuwa upi?"

"Majina yalitoka ofisini kwenu. Kisha ukapewa umatroni."

"Kwa hiyo ushahidi ni cheo."

"Ndiyo."

"Niliuomba umatroni mwaka mmoja kabla ya mgomo wako. Barua ninayo." Akaweka shuka chini. "Sasa na wewe. Juma lile wewe ulipewa nini?"

Nikaikunja fomu, nikaikunjua.

Hapa, wasomaji wangu, inabidi nisimame. Nimewasimulia juma baada ya juma jinsi chuo kilivyonitesa, jinsi Vitanda alivyonisumbua, na yote ni kweli. Lakini hakuna juma nililowaambia nyumba hii niliipataje.

Siku ya tatu ya mgomo, mchana, mlango umefungwa kwa komeo, nilijaza fomu ya kununua nyumba. Peke yangu. Mmoja mmoja.

Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Nilijiambia: mgomo ukishinda, fomu haitadhuru. Ukishindwa, angalau mmoja wetu abaki mtaani kuendeleza mapambano. Tazameni jinsi mwoga anavyojua kujipangia hoja.

"Nyumba," nikamjibu Matroni. Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Nyumba. Fomu uliniletea mimi mwenyewe, ndani ya bahasha, dirishani pa ofisi. Jasho linakutiririka. Ukaniambia usimwambie mtu. Nami sikumwambia mtu. Siri yako nimeitunza miaka ishirini na sita, wewe uliyenitangaza kwamba sina kifua."

"Dada, niliogopa..."

"Sijamaliza. Fomu ilitakiwa nakala tatu. Wewe unajua, uliandika kwa kaboni mbili. Zile kaboni hukuzitoa."

"Kaboni gani?"

"Zilikuwa bado katikati ya fomu. Moja mpya. Nyingine ilikwisha kutumika kabla. Nusu ya juu ya fomu ni maelekezo ya chuo, mwombaji haandiki kitu pale. Kwa hiyo kile kilichoandikwa kabla kilibaki pale juu, safi kabisa."

Nikashika kingo za ile ndoo.

"Kilikuwa nini?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Afisa nyumba alinipokonya bahasha kabla sijaifungua sawasawa. Akaiinua ile karatasi nyeusi kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anaita watu waje kupokea zawadi. Fundi bomba. Mpishi wa zamu ya pili. Mlinzi wa geti la nyuma. Mpaka wa kumi na moja. Kisha akacheka, akanirudishia fomu."

"Akasema nini?"

"Akasema: huyu mpeni nyumba. Amekwisha kulipa."

Mahali fulani katika hosteli ya nyuma mwanafunzi alikuwa anapiga muziki. Ukazimwa.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Na tazameni nilivyo: hata pale nilikuwa natafuta kosa lake.

"Nilisema. Siku ileile uliyonitangaza nilikwenda kwako. Hukuwepo, ulikuwa unahutubia. Nikamwambia mkeo."

"Mke wangu?"

"Alikuwa anapiga pasi. Aliiacha pasi juu ya shati lako mpaka ikaunguza. Akapiga magoti, na tumbo lile. Akaniambia, 'Akijua atajimaliza, na mimi nina watoto. Nakuomba ubebe.' Nikabeba. Kwa ajili yake, si yako. Na kila juma, Katibu, kila juma, mkeo alikuwa anapitisha mkono pale kwenye uzio, nyuma ya bafu lako, ananishika mkono. Wewe uko mbele kibarazani unalinda nisisalimiwe. Mkeo yuko nyuma ananisalimia."

Nilitaka kusema ni uongo.

"Sasa saini," nikasema mwishowe. "Utanisainia?"

"Kesho saa nne, kwako, mbele ya mnunuzi. Lakini kwanza utamwambia ulichosikia hapa. Yeye na mama yake."

"Wao yanawahusu nini?"

Hapo ndipo Matroni aliponitazama usoni, na nikaona kitu kibaya kuliko hasira. Alinihurumia.

"Hukumuuliza ni binti wa nani?"

Sikumuuliza. Mimi, ninayejua babu wa kila mwenye hosteli alikuwa anauza nini, sikumuuliza.

"Yule ni mtoto wa Fundi Bomba," akasema. "Yule aliyeondoka hapa juu ya mkokoteni, amefungwa mgongoni kwa mama yake."

Nilirudi nyumbani kwa kupitia nyuma. Sikupanga. Miguu ilinipeleka penye uzio, nyuma ya bafu. Mbao za uzio ule nilizipigilia mimi, mbao za kukwaruza, hazijapigwa randa. Katikati kuna uwazi wa kiganja na kidogo. Nikaupapasa. Kingo zake zilikuwa laini, zinang'aa, kama mpini wa jembe la zamani. Mkono mmoja ulikuwa umepita hapo mpaka ukamaliza kazi ya randa.

Sikula siku ile.

Kulipokucha nilipanga viti vinne sebuleni. Nikafuta meza. Nikajifunza maneno ya kusema, kama nilivyokuwa nikijifunza hotuba. Saa nne ikafika, nikatega sikio.

Ukuta haukugonga.

Kwa miezi minane haukukosa hata siku moja, na siku ile haukugonga. Nikajua ndani ya mabomba yale kuna mtu ametulia, anasikiliza.

Wakaingia. Binti mbele, na faili kwapani. Nyuma yake mama mwembamba, kitambaa kichwani, fimbo mkononi, anacheka kabla hajafika mlangoni.

"Shemeji!" Akaitupa fimbo kwa bintiye, akanishika mabega. "Umezeeka, lakini masikio yaleyale makubwa!"

"Karibu, shemeji," nikasema. "Karibu sana."

"Mtoto alitaka kukuambia tangu siku ya kwanza, nikamkataza. Nikasema niache nimshtue mwenyewe. Umeshtuka?"

"Nimeshtuka."

"Umesikia, mwanangu? Huyu ndiye. Wengine wote walivunjika, huyu hakuvunjika. Baba yako mpaka siku ya mwisho alikuwa anasema, ipo siku tutarudi mtaani, Katibu ametushikia nafasi."

Binti akatabasamu. "Nimelelewa kwa habari zako, mzee. Nilikuwa naogopa hata kukuomba unipunguzie bei."

Wakacheka wote wawili. Nami nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mama akazunguka sebule akigusa vitu. Akaenda bafuni, akarudi macho yamelowa. "Mkono wa baba yako ule," akamwambia binti. "Viungo vya mabomba yake navijua. Alikuwa anapinda bomba kama anapinda mkono wa mtoto."

Mlango ukagongwa. Matroni akaingia, amevaa gauni la kanisani, kalamu yake mwenyewe mkononi.

Kicheko cha mama kilikatika kama uzi.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Ni jirani, mama," binti akasema. "Lazima asaini."

"Sikukuuliza wewe. Shemeji, namuuliza yeye. Huyu anafanya nini hapa?"

"Shemeji, kaa kwanza..."

"Nikae naye chumba kimoja? Ulituambia tusikae naye. Tusimsalimie, tusipokee kitu mkononi mwake. Mimi nimeshika. Alikuja kwenye mazishi ya mume wangu, ametoka huku mpaka kule kwa miguu, nikamrudisha nje mvua inanyesha. Kwa neno lako, shemeji. Wewe umelisahau?"

Matroni alisimama tu mlangoni, kalamu mkononi, kama mwanafunzi aliyechelewa mtihani.

Ile hotuba niliyojifunza ilinitoka yote kichwani.

"Si yeye," nikasema.

"Nini?"

"Si yeye aliyetoa majina. Ni mimi."

Binti akaweka faili mezani, polepole.

Nikaeleza. Sikueleza vizuri. Nilianza na fomu, nikarudi kwenye orodha, nikaenda kwenye kaboni, nikarudi tena kwenye fomu. Mtu niliyewahi kuhutubia watu mia nne bila karatasi, nilibabaika mbele ya wanawake watatu. Mwishowe yote yakawa mezani, machafu kama yalivyo.

Mama alikaa.

"Uliomba nyumba," akasema.

"Ndiyo."

"Wakati mume wangu amekaa getini, hajala siku mbili, anazuia malori yasiingie, kwa kuwa wewe ulisema hakuna kununua mmoja mmoja."

"Ndiyo."

"Barua ya nyumba ulipewa siku gani?"

"Siku ya nne ya mgomo. Asubuhi."

"Na mume wangu alifukuzwa siku gani?"

"Siku ya nne."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayejumlisha, na kila mara anapata jibu lilelile.

"Kaboni," akasema. "Unaniambia kaboni."

"Nilisahau kuitoa. Naapa, shemeji. Nilikuwa na haraka, niliogopa mtu asinione, nikakusanya karatasi zote..."

"Usiniite shemeji."

Nawaambia ninyi jambo ambalo sikumwambia yeye. Tangu Matroni anieleze, nimejaribu kuiona mikono yangu ikikusanya zile karatasi. Naiona. Naona meza, naona komeo la mlango, naona kucha zangu. Nilipokuwa naandika orodha nilikuwa makini kiasi cha kuchoma karatasi ya kukaushia wino. Na kaboni je? Mikono inapofika kwenye ile karatasi nyeusi, inapita haraka mno, wala siwezi kuona kama ilijua.

Binti ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, kavu.

"Mzee, mimi kazi yangu ni mawe. Jiwe likianguka nauliza: lilianguka, au lilisukumwa? Mambo hayo mawili hayafanani hata kama aliye chini amekufa vilevile."

"Lilianguka, mwanangu."

"Wewe huwezi kuwa shahidi wako mwenyewe." Akamgeukia mama yake. "Mama, kama alisahau, ni mjinga na ni mwoga, na mimi nitainunua nyumba hii na tutakaa ndani ya kazi ya baba. Kama aliwauza, sikanyagi hapa tena, na nitakwenda nyumba kwa nyumba kwa watoto wa wale kumi, niwaambie alipo."

"Na utajuaje?" mama akamuuliza. "Yule afisa amekufa. Mkewe amekufa. Baba yako amekufa."

"Huyu hajafa."

Wote tukamtazama Matroni.

Alikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Mama yule aliinuka kwa shida, akavuta kiti kwa mkono wake mwenyewe, akakisogeza kuelekea mlangoni. Hakumtazama usoni, lakini kiti alikisogeza.

"Kaa," akasema. "Wewe ulikuwepo dirishani. Uliuona uso wake alipokuwa anakupa ile bahasha. Alikuwa amesahau, au alikuwa analeta?"

Matroni akakaa. Akanyoosha gauni magotini. Akaivuta fomu ya mauzo karibu, akaitazama ile nafasi ya nne iliyokuwa tupu, kisha akanitazama mimi.

Nilitaka kumwambia: sema kweli. Nikakumbuka kwamba siku ile pale bombani sikumwacha yeye aseme yake.

"Nitasema," akasema. "Nataka kujua jambo moja tu. Niseme nilichokiona, au niseme kama yeye alivyosema juu yangu?"